Mguu Uliopakwa Hina

Muuguzi Shani alipopiga simu ya video kukagua kidonda cha Bi Mize, kioo kilijaa mguu uliopakwa hina, unang'aa mafuta, umelazwa juu ya mto wa tarizi.

"Bibi, huo ndio mzima. Nataka ule wenye kidonda."

"Umenijia mgeni, mwanangu. Nikuonyeshe uchafu wangu?"

Wiki iliyopita kidonda kilikuwa kinatoa usaha, na daktari alishaanza kutaja kuukata mguu.

"Basi mimi si mgeni. Ni mjukuu wako. Nionyeshe."

Simu ikayumba, bandeji ikafunguliwa taratibu, na kidonda kikatokea: kikavu, kimeota nyama mpya, kimebaki kidogo kama ukucha.

"Bibi! Kinapona!" Shani alipiga kigelegele hadi wenzake zahanatini wakageuka.

"Ehe, mjukuu wangu," Bi Mize alisema, akiegemeza simu kwenye birika. "Sasa tulia, unywe chai."

Kikombe kikatua mbele ya kamera. Mvuke ukapanda polepole, picha kwenye kioo cha Shani ikajaa ukungu, naye akajikuta anapuliza kana kwamba kikombe kiko mkononi mwake.