Mgeni wa Siku ya Tano

Siku ya tano ya kila mwaka mpya wa Kichina, wanyama wa kilima cha mianzi walifungua milango kumkaribisha mungu wa mali, anayesemekana kupanda chuimilia mweusi. Bi Kakakuona, mwoga kuliko wote, alishikilia masimulizi ya zamani: kwamba hapo kwanza mungu huyo alileta maradhi, akabadilika alipokaribishwa.

"Bibi, usitutie nuksi!" alifoka Nguchiro, bingwa wa kusimulia.

Mwaka huo akaja chuimilia mweusi, peke yake, mbavu zimemtoka kwa njaa. Milango yote ikafungwa. Bi Kakakuona tu ndiye aliyebaki kizingitini, bakuli la uji mikononi.

"Bwana wako yuko wapi?"

"Sina bwana. Nimekuja kukutafuna."

"Basi anza na uji, mwanangu."

Akanywa, akajilaza mlangoni. Tangu hapo mbwamwitu waliozoea kupora maghala hawakukanyaga tena kilimani.

Mwaka uliofuata Nguchiro akasimulia kwamba mungu wa mali ndiye chuimilia mwenyewe, na hajawahi kumdhuru yeyote.

"Mwongo huyo," Chuimilia akanong'ona kwa haya.

Bi Kakakuona akamjazia bakuli. "Mwache aseme. Wewe ifanye iwe kweli."