Kona ya Mwisho

Siku hizi, kila msimu, kumbukumbu ya bingwa mstaafu hunakiliwa kichwani mwa mkimbiaji ili miguu yake ijue njia ya ushindi. Mwaka jana Cherotich alikimbia kwa kumbukumbu ya Chelagat, akatwaa dhahabu, kisha akatamba redioni: "Kumbukumbu ya yule mama ni kuni tu. Moto ni wangu."

Chelagat alizima redio. Mwaka mzima, akimenya viazi, aliukimbia upya ushindi wake akilini, na kila alipofika kona ya mwisho alijilazimisha kugeuka nyuma. Taratibu kumbukumbu ikakubali. Msimu huu ikanakiliwa hivyo hivyo kichwani mwa Cherotich.

Leo kwenye televisheni Cherotich aliongoza hadi kona ya mwisho, akageuka nyuma. Wawili wakampita.

"Kuni zimelowa," Chelagat alisema, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Binti yake Jerop, aliyesimama mlangoni na viatu vya mbio mkononi, hakucheka.

"Mama, kocha amenichagua. Mwakani kumbukumbu yako napewa mimi."

Chelagat alifumba macho, akaanza mbio zake upya. Kona ya mwisho ilipofika, aliikaza shingo kwa nguvu zake zote. Shingo ikageuka.