Kipande cha Pili

Siku hizi filamu ya maisha ya mwandishi hutengenezwa na kuta za nyumba yake, maana kuta zinaona na hazisahau. Sheria inataka familia iitazame kabla ya watu wengine.

Yangu inanionyesha nikichunguza mauaji ya jirani yetu, Bi Mwatabu. Alikutwa amefunikwa kipande kimoja cha doti ya kanga ya maua. Cha pili muuaji aliondoka nacho.

Kwenye filamu naandika. Nyuma yangu mwanetu mchanga amelala, amefunikwa kanga aliyoniletea mume wangu, Shekue, nilipojifungua. Alileta kipande kimoja tu. Nilidhani cha pili amempa mama yake.

Maua ni yale yale.

“Mbona unatetemeka, mama Zaina?” Shekue ananiuliza, akiizima filamu. “Hebu nipe mtoto.”