Handaki la Nyegere

Pimbi alikuwa na watoto watatu, na nyumba yake aliizungushia ua wa miiba usiopenyeka. Lakini chemchemi ilikuwa nje ya ua, na kila alipokwenda kuteka maji, Kipanga alimwandama kutoka angani.

Siku moja Nyegere, fundi wa kuchimba, alimjia kwa upole. "Dada Pimbi, nitakuchimbia handaki kutoka uani kwako hadi chemchemini. Utapita chini kwa chini, Kipanga asikuone."

"Ujira wako nini?"

"Sitaki ujira. Sisi ni majirani."

Nungunungu, rafiki yake aliyekuwa akisikia, alimvuta Pimbi kando. "Mwenzangu, mwenye njia huwajua wapitao. Muulize yeye anafaidi nini."

"Wewe una miiba mwilini," Pimbi alimjibu. "Hujui kuwindwa." Akakubali.

Handaki likafaa kweli. Kipanga alizunguka juu asione kitu. Pimbi hakujua kwamba Nyegere alijibanza gizani, katika kishimo cha kando, akisikiliza nyayo zake hata akajua hutoka lini na wanawe hubaki peke yao kwa muda gani.

Asubuhi moja Pimbi alirudi na maji. Ua ulikuwa mzima, hata mwiba mmoja haukuvunjika. Watoto hawakuwepo. Mdomoni pa handaki palisalia manyoya laini.

Nungunungu alikuja, wala hakumlaumu. Walisaidiana kuliziba handaki kwa mawe, na lilipojaa, Pimbi aliendelea kuleta mawe.