Mama wa Muhula

Wallahi haya ni kweli tupu. Asiyeamini akamuulize jirani yangu, ila amehama. Mtihani wa sanaa za maonyesho ulifanyiwa nyumbani: muhula mzima mwanafunzi amwigize mzazi, mzazi amwigize mtoto. Muhula wa Zawena ulikwisha Ijumaa. Jumamosi mama yake, Bi Mwanaisha, akashika mwiko.

"We, nani kakuruhusu jikoni?" Zawena akafoka.

"Mwanangu, mtihani si umekwisha?"

"Umekwisha, nimepata A. Lete mwiko."

Bi Mwanaisha akamgeukia kitindamimba wake wa miaka minne. "Siwema, mama ni nani?"

Siwema akamtazama huyu, akamtazama yule, akajificha nyuma ya kanga ya Zawena.

"Dada," akamwambia Bi Mwanaisha, "mpe mama mwiko wake."

Bi Mwanaisha akautoa. Mdomo, bila kuagizwa, ukasema, "Samahani, mama."