Ng'ombe wa Kifaransa

Mahari ilipokwama, baba mdogo Nyamhanga aliitoa shahada ya Robi ukutani, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati, akaisimamisha mezani katikati ya soda za wageni.

"Kifaransa na Kireno, chuo kikuu," alisema. "Ng'ombe kumi na wawili."

Mshenga wa upande wa bwana harusi akacheka. "Mzee wetu, binti anauza maandazi. Kwani ng'ombe wetu watakamuliwa kwa Kifaransa? Tumesema wanane."

"Basi mwiteni azungumze, muisikie mali yenyewe!"

Robi alitoka jikoni na unga mikononi. Tangu asubuhi hakuna aliyemuuliza lolote. Akasimama mbele ya wazee, akasema kwa Kifaransa, taratibu na kwa adabu zote, kwamba hataki kuolewa, na kwamba shahada ile ni yake, irudishwe ukutani.

Makofi yakalipuka. Shangazi akapiga kigelegele. Mshenga akalegea, akaongeza ng'ombe wawili palepale.

Marwa peke yake, kijana mwenyewe wa kuoa, hakupiga makofi. Aliitua soda yake, akaigeuza ile shahada taratibu, ikamwelekea Robi.