Lango la Saba

"Mto unaopanda mlima umeueleza kwa kurasa tatu," Gradi alimwandikia mtunzi wa mchezo, akigonga herufi kama anayetwanga majani ya sombe. "Ndege umewapa kalenda yao. Lakini katika mji mzima wa malango saba hakuna hata shangazi mmoja wa kumpokea Faida?"

Ugomvi ulikuwa juu ya Faida, shujaa wa mchezo huo wa kompyuta: mwanamke aliyelelewa kama mvulana. Mchezaji haambiwi. Kiswahili kinamsitiri ndani ya "yeye" mpaka lango la saba, mlinzi anapomvua kitambaa cha kichwani na kumwambia kwa dhihaka, "Pita, kaka." Umati unacheka. Mchezo unakwisha.

"Umeligeuza 'yeye' letu kuwa gunia," Gradi akaendelea. "Umemfungia humo, kisha ukalifungua ili watu washtuke. Faida si fumbo. Ni mtu."

Muzafaru, mwenye duka la intaneti hapo mtaani Ruharo, akachungulia.

"Kaka Gradi! Leo tena unagombana? Na nani?"

Neno "kaka" lilichoma palepale linapochoma kila mara. Gradi akaliacha lipite.

"Na mutu moja mwenye hasikiake maneno."

"Iko wapi?"

"Fasi ya karibu."

"Na anajibu?"

"Siku ya posho tu."

Muzafaru akaangua kicheko. Kwake posho ni ugali. "Kumbe anajibu akishiba!"

"Kwetu posho ni Jumamosi."

"Jumamosi tu? Kama wewe!"

Lori la maharage lililomleta Gradi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale lilikuja mjini Jumamosi peke yake, na kule kambini hakuna aliyejua kwamba anaandika. Kanisani alikaa upande wa wanaume. Bombani, wanawake walikochota maji, hakuna aliyemngoja. Wiki nzima alibeba kichwani maneno ya siku hii moja.

Akasoma tena jibu la mtunzi la Jumamosi iliyopita: "Nani angemwita dada? Mimi ninaandika dunia ninayoijua."

Mvua ilianza kupiga mabati, ikaacha. Mwishowe akaandika mstari mmoja:

"Basi andika usiyoijua."

Akatuma. Akafuta kamasi kwa mkono wa shati.

"Kaka, dakika kumi!" Muzafaru akaita.

Gradi akafunga ukurasa wa mkosoaji. Akaandika jina lingine, na nywila nyingine, na mchezo ukamfungukia kwa ndani, sentensi zake zote zikiwa wazi mbele ya mtunzi wake, Gradi mwenyewe. Idadi ya wachezaji ilikuwa ileile ya mwaka jana: mmoja.

Akatafuta maneno ya mlinzi. Akafuta "Pita, kaka." Akaandika, "Karibu, dada. Tulikungoja."

Kisha, kwa dakika nne zilizobaki, akaenda kulicheza lango la saba, ili aitwe.